Betri ya Gari la Umeme (Sehemu ya Tatu): Moduli Moja au Betri Nzima?

Makala iliyopita ilieleza namna joto linavyoizeesha betri ya lithiamu hata gari likiwa limeegeshwa. Leo tuingie kwenye suala la mfuko: betri ikishachoka, fundi abadilishe sehemu iliyokufa au aitoe yote? Muuzaji wa betri nzima ana jibu lake, fundi wa moduli ana lake, na kila mmoja anavutia kwake. Jibu la kweli limo ndani ya betri yenyewe, na halijulikani mpaka ipimwe.

Tuchukue Nissan Leaf, gari la umeme ambalo mnunuzi wa Afrika Mashariki hulikuta bila shida katika minada ya magari yaliyotumika Japani. Lilianza kuuzwa Desemba 2010 likiwa na betri ya kilowati-saa 24, yenye uzito wa karibu kilo 300, iliyofungwa chini ya sakafu. Ukifungua kifuniko unakuta moduli 48, kila moja ndani ya ganda bapa la chuma, na kila ganda lina seli 4. Seli zimeunganishwa mbilimbili kwa sambamba, kisha jozi zote 96 zikafuatana kwa mfululizo mpaka zikatoa volti zipatazo 360.

Huo mfululizo ndio mzizi wa habari yote. Mkondo uleule hupita katika jozi zote, kwa hiyo iliyo dhaifu huisha chaji kabla ya nyingine. Kompyuta ikiona volti yake imegusa kikomo cha chini, hulisimamisha gari hata kama jozi 95 bado zina akiba. Wakati wa kuchaji mambo hugeuka: jozi ileile hujaa mapema, na chaji hukatwa kabla nyingine hazijashiba. Mwendo wa msafara ni wa punda anayechechemea.

Sasa tuweke namba, za mfano tu. Kuna betri ambayo moduli 47 zina ampea-saa 50 kila moja, na moja imebaki na 35. Gari hilo linatembea kwa 35. Weka moduli ya 50 mahali pa ile mbovu, na umbali unaongezeka kwa zaidi ya asilimia 40, kwa bei ya kipande kimoja kati ya 48 pamoja na ujira wa kuishusha na kuipandisha betri. Mwenye gari hilo akishauriwa anunue betri nzima, anapunjwa. Kuna betri ya pili, ambayo moduli zake zote zimo kati ya 38 na 41. Toa ile ya 38 uweke mpya kabisa, yenye ampea-saa zaidi ya 60 kama ilivyotoka kiwandani. Gari litatembea kwa uwezo wa iliyokuwa ya pili kwa udhaifu, labda 38 na nusu. Moduli mpya itakaa humo na uwezo usiotumika, na pesa imekwenda.

Leaf nyingi za mwanzo zinaangukia upande wa betri ya pili. Betri yake haina mfumo wa maji wala feni ya kuipoza, kwa hiyo hali ya hewa ikiwa kali huathiri moduli zote. Mwaka 2012 wenye Leaf katika jiji la Phoenix, Arizona, walilalamika kwamba magari yao yanapoteza umbali haraka mno, na mwaka uliofuata Nissan ikaongeza dhamana ya uwezo wa betri: ukishuka chini ya vipimo 9 kati ya 12 vinavyoonekana kwenye dashibodi, ndani ya miaka 5 au maili 60,000, kampuni itarekebisha. Baadaye ikabadili kemia ya seli katika magari ya mwaka wa modeli 2015. Hakuna fundi ambaye angeyatibu magari ya Phoenix kwa moduli moja moja.

Vipimo hivyo 12 havisemi moduli ipi inaumwa. Kinachosema ni kifaa kidogo cha kuchomekwa kwenye soketi ya uchunguzi chini ya usukani, pamoja na programu ya simu kama LeafSpy, inayochora volti za jozi zote 96. Ila gari likiwa limesimama na limejaa chaji, hata jozi mbovu husimama sawa na nyingine. Ipimwe chaji ikiwa imeshuka, gari likipanda mlima au mguu ukiwa umekandamiza mafuta (tuendelee kuyaita mafuta). Hapo mbovu itaporomoka peke yake. Zikishuka zote pamoja, ujue ni uzee.

Waliotangulia kumiliki Toyota Prius wanayajua haya. Prius ya kizazi cha pili ina moduli 28 za nikeli, za volti 7.2 kila moja. Fundi hubadilisha moja, taa ya onyo inazimika, mteja anafurahi. Baada ya miezi kadhaa inawaka tena kwa sababu ya moduli nyingine. Fundi hakudanganya. Moduli zile zilizaliwa siku moja na zikapita joto lilelile, basi ya kwanza kufa ni mjumbe wa zinazofuata. Jambo ambalo wengi hulipita ni dogo mno: njia ya hewa ya feni ya betri, kando ya kiti cha nyuma, huziba kwa vumbi, na moduli za katikati zinapikwa. Ukibadilisha moduli bila kuisafisha njia hiyo, umeiandaa nyingine iungue.

Moduli inayoingia nayo ina masharti. Lazima volti yake ilinganishwe na ya wenzake kabla ya kufungwa, kwa sababu saketi ya kusawazisha iliyo ndani ya betri hupunguza umeme kidogo kidogo tu, na pengo kubwa linaweza kuichukua muda mrefu kulifuta. Viunganishi vya shaba visafishwe na bolti zikazwe kwa kipimo kinachotakiwa. Kiungo kilicholegea hutoa joto. Kifuniko kifungwe kwa gundi yake, maji yasipenye. Na kuchomoa plagi ya usalama hakuifanyi betri kuwa maiti: kunaikata katikati tu, na kila upande unabaki na volti zaidi ya mia za mkondo mnyoofu, unaoua. Gereji isiyo na glovu za umeme wa juu isiiguse.

Njia ninayoiona bora inaonekana Namie, mji wa Fukushima uliohamwa baada ya ajali ya nyuklia ya 2011. Machi 2018 kampuni ya 4R Energy, ya ubia wa Nissan na Sumitomo, ilifungua kiwanda huko. Betri za Leaf zinafunguliwa, moduli zote 48 zinapimwa moja moja na kupangwa kwa madaraja. Zilizo bora zinaunganishwa na zinazolingana nazo na kurudi barabarani. Zilizobaki zinakwenda kwenye magari ya kuinulia mizigo au kuhifadhi umeme wa akiba. Betri hiyo iliyopangwa upya ilitangazwa Japani kwa yen 300,000, wakati mpya ya kilowati-saa 24 ilikuwa yen 650,000. Kazi hii inahitaji mashine za kuchaji na kupima, na subira. Fundi wa Nairobi au Dar es Salaam mwenye betri tatu nne zilizochoka anaweza kuifanya kwa kiwango kidogo: avunje zote, apime ampea-saa, aunde moja ya moduli zinazolingana.

Kuna kasoro ambazo kipimo hakizioni. Mwaka 2021 General Motors iliziita gereji Chevrolet Bolt zote, zaidi ya 140,000, baada ya baadhi kuwaka moto kwa kasoro za utengenezaji ndani ya seli. Katika hali kama hiyo sina ubishi na anayetoa kila kitu.

Lakini hata uchaguzi wenyewe unaanza kutoweka. Betri ya Blade ya BYD, iliyotangazwa 2020, haina moduli. Seli ndefu zinapangwa moja kwa moja ndani ya kasha. Baadhi ya Tesla Model Y za Texas zina seli zilizozamishwa katika povu gumu, na betri ndiyo sakafu ya gari. Kiwanda kinaokoa nafasi na gharama, na gari linakwenda mbali zaidi. Seli ikifa, fundi hana pa kuingiza bisibisi. Kanuni ya betri ya Umoja wa Ulaya ya 2023 inataka, kuanzia Februari 2027, betri za baiskeli na skuta za umeme ziweze kubadilishwa na fundi huru hadi seli moja moja. Sharti hilo halikuwekwa kwa magari.

Itaendelea: betri za bodaboda za umeme.