Je, Wajua? Jengo Lililozaliwa na Kichuguu

Je, wajua kwamba jengo la Eastgate mjini Harare, lililofunguliwa mwaka 1996, hupoa bila mfumo wa kawaida wa viyoyozi? Msanifu wake, Mick Pearce, aliliwazia kama kichuguu cha mchwa, kilichodhaniwa kujipoza chenyewe, na wazo hilo ndilo lililolipa umbo. Usiku feni hupitisha hewa baridi kwenye sakafu za zege. Mchana zege hilo huipoza hewa inayoingia ofisini, na joto hupanda hadi kwenye dohani zilizopangana juu ya paa. Uso wa jengo umejaa meno ya zege, kama miiba ya mpungate, yanayokinga jua mchana na kutoa joto upesi usiku. Ondoa dohani na meno hayo, wazo lenyewe limekufa.

Wapo wanaopinga mfano huo wa kichuguu, na wana hoja: watafiti walionyesha baadaye kwamba mchwa hawapozi kiota chao kwa namna iliyodhaniwa. Basi wazo lilikosea? Kuhusu mchwa, ndiyo, kwa sehemu. Lakini Eastgate halikujengwa ili kueleza maisha ya mchwa. Lilijengwa liwape watu hewa nzuri kwa umeme kidogo, na hilo limelitimiza.