KUITAMBUA MAPEMA SARATANI YA TEZI DUME ITAKAYOSAMBAA BAADA YA UPASUAJI

Mwanamme aliyeondolewa tezi dume kwa sababu ya saratani hutoka hospitali akiwa na suali moja zito: je, maradhi yamekwisha, au yamebaki mahali yakisubiri wakati wake? Kwa miaka mingi suali hilo halikuwa na jibu la uhakika. Utaalamu wa kuzisoma jeni za uvimbe wenyewe sasa umeanza kulijibu, ijapokuwa kwa sehemu.

Tezi dume ipo chini ya kibofu, nayo imeuzunguka mrija wa mkojo. Hutoa protini iitwayo PSA, ambayo hupimwa katika damu. Tezi ikishaondolewa yote, PSA hutakiwa ishuke hadi isionekane kwa vipimo vya kawaida. Ikianza kupanda tena, hiyo ni dalili kwamba chembe za saratani zimebaki mwilini.

Hata hivyo, si kila PSA inayopanda huleta mauti. Mwaka 1999 madaktari wa Hospitali ya Johns Hopkins, Marekani, walitoa taarifa ya wanaume 1,997 waliofanyiwa upasuaji huo. Kati yao 315 walipandwa na PSA, na katika 304 waliofuatiliwa ni 103 tu ambao saratani ilifika mifupani au viungo vingine. Kwa wastani, tangu PSA kupanda hadi maradhi kusambaa, ilipita miaka 8.

Hapa ndipo penye uzito wa jambo. Mgonjwa anaweza kupigwa mionzi mara baada ya upasuaji ili kuziua chembe zilizosalia. Lakini mionzi hiyo inaweza kudhuru uwezo wa kuzuia mkojo, haja kubwa na nguvu za kiume. Utafiti uliotangazwa mwaka 2020, uliohusisha wanaume 1,396 wa Uingereza, Denmark, Kanada na Ireland, ulionesha kwamba kumpa kila mmoja mionzi mapema hakukuleta faida zaidi ya kusubiri na kutibu PSA inapopanda, bali kuliongeza matatizo ya mkojo. Hivyo basi, kumtibu asiyehitaji ni kumdhuru, na kumwacha anayehitaji ni kumhatarisha. Linalotakiwa ni kuwatenganisha.

Kwa desturi, madaktari hutumia kiwango cha PSA, umbali ambao saratani imefika nje ya tezi, na alama za Gleason. Alama hizo zilianzishwa katika miaka ya 1960 na Daktari Donald Gleason wa Marekani, nazo hutolewa kwa kuangalia umbo la chembe chini ya darubini. Vigezo hivyo vina manufaa makubwa. Lakini wagonjwa wawili wenye alama zilizo sawa wanaweza kuwa na hatima tofauti kabisa, kwa kuwa darubini huonesha sura ya chembe, wala haioneshi amri zinazotolewa ndani yake.

Amri hizo hutoka katika jeni. Mfano wake ni masjala ya ofisi. Kila chembe ina majalada yote ya mwili, lakini si yote yanayofunguliwa. Jalada linapofunguliwa hutolewa nakala ya agizo, na nakala hiyo ndiyo iitwayo RNA. Anayezihesabu nakala hutambua ni majalada gani yanafanyiwa kazi: ya kuzaana kwa haraka, ya kuhama, au ya kuikwepa kinga ya mwili.

Kwa njia hiyo kilitengenezwa kipimo kiitwacho Decipher, ambacho utafiti wake ulichapishwa mwaka 2013. Watafiti walichukua vipande vya tezi vya wanaume 545 waliopasuliwa katika Mayo Clinic kati ya mwaka 1987 na 2001, vilivyohifadhiwa ndani ya nta. Kwa kuwa ilikwishajulikana nani alisambaliwa na maradhi na nani alisalimika, walilinganisha nakala za RNA na kuchagua alama 22 zilizowatofautisha. Matokeo ya kipimo hutolewa kwa namba kati ya 0 na 1. Chini ya 0.45 ni hatari ndogo, kutoka 0.45 hadi 0.60 ni ya kati, na zaidi ya 0.60 ni kubwa. Mgonjwa hakatwi tena, kwani hutumika kipande kilekile kilichotolewa siku ya upasuaji.

Hata hivyo, namba hiyo ni makadirio, si hukumu. Wapo wenye namba kubwa wasiosambaliwa na maradhi, na wapo wenye namba ndogo yakawarudia. Daktari huisoma pamoja na vigezo vingine. Aidha, wagonjwa ambao kipimo kilijengwa juu yao walikuwa kwa sehemu kubwa Wamarekani weupe, ilhali saratani hii ndiyo inayoongoza kwa wanaume katika nchi nyingi za Afrika kusini ya Sahara. Ni haki na ni lazima wanaume wa Kiafrika nao waingizwe katika tafiti za namna hii.

Kwa mwananchi, faida ya maarifa haya inaanzia mbali kabla ya maabara ya jeni. Kipimo hiki kinamhusu aliyegunduliwa mapema kiasi cha kuweza kupasuliwa. Mwenye mkojo unaokatikakatika, anayeamka usiku mara kwa mara kwenda haja ndogo, au anayeona damu katika mkojo, anatakiwa amuone daktari. Si kila dalili ya namna hiyo ni saratani, kwani tezi hutanuka pia kwa umri. Mwenye baba au ndugu wa kiume aliyepata maradhi haya asisubiri dalili, bali ashauriane na daktari mapema.

Aliyekwisha kupasuliwa ahifadhi ripoti yake ya maabara na asiache kupima PSA kwa tarehe alizopangiwa, hata akijiona mzima. Wahenga wamesema, mficha maradhi kilio humfichua.