Amplifaya ya Operesheni: Nguvu Iliyotiwa Lijamu (Sehemu ya Pili)

Tarehe 2 Agosti 1927, mhandisi wa Kimarekani Harold Black, akiwa ndani ya feri akiuvuka mto Hudson kwenda kazini, aliandika juu ya gazeti alilokuwa nalo hesabu ya fikra iliyomjia, nayo ni kwamba chombo cha kukuza umeme wa simu kitaaminika zaidi endapo sehemu ya kinachotoka itarudishwa kinakoingilia ili ikipinge. Kwa fikra hiyo ndipo amplifaya tunayoisomea leo ilipopata manufaa.

Juma lililopita tuliisifu aisii ya 741, amplifaya ya namna hiyo iliyotolewa na Fairchild mwaka 1968. Kazi yake ni kukuza tofauti iliyopo baina ya mguu wa 3 na mguu wa 2, kwa kadiri ya mara 200,000. Kwa hiyo milivolti 1 ingepasa kutoa volti 200. Lakini kwa kuwa betri zetu ni za volti 9, umeme utokao hugota karibu na ukomo wa betri, hausogei tena. Hali hiyo yafaa kengele ya tangi la maji, ambayo haina ila kulia au kunyamaza. Kwa kupimia haifai kabisa.

Natuchukue mfano wa hapa kwetu Nyali, kwani huko Mkomani ndiko yaliko makao ya taasisi ya taifa ya utafiti wa bahari na uvuvi, iliyoasisiwa mwaka 1979. Siku za bamvua, maji ya Mombasa hupishana kwa kadiri ya mita 4 baina ya kujaa na kupwa. Tuseme mwanafunzi amezamisha kipimo cha mkazo wa maji kitoacho milivolti 5 kwa kila mita. Bamvua nzima itampa milivolti 20 tu. Akiunganishe na mguu wa 3. Kisha kutoka mguu wa 6, utokako umeme, aweke rezista ya omu 99,000 hadi mguu wa 2, na kutoka mguu huo wa 2 hadi waya wa kati wa betri mbili aweke rezista ya omu 1,000. Sasa sehemu moja katika mia hurejea, na amplifaya haitulii mpaka miguu miwili ikaribie kuwa sawa, jambo lisilowezekana ila utokao ukitimia mara 100 ya uingiao. Milivolti 20 zimekuwa volti 2.

Faida yake kubwa ni hii: aisii ya nguvu 200,000 itakuza mara 99.95, na ndugu yake dhaifu wa 100,000 atakuza mara 99.90. Nusu nzima ya nguvu imepotea, na kipimo hakikutikisika, maana wenye amri sasa ni rezista.

Lakini lijamu hiyo haiponyi kila maradhi. Miguu ya kuingilia ya 741 ina upogo wake wa asili, aghalabu kama milivolti 1, nao hukuzwa mara 100 sawasawa na maji yenyewe. Kwa kipimo chetu hilo ni kosa la sentimita 20. Basi, ewe msomaji, kabla hujapima chochote, unganisha mguu wa 3 na waya wa kati, weka rezista ya kuzungusha ya omu 10,000 baina ya miguu ya 1 na 5, ncha yake ya katikati iende mguu wa 4, uizungushe taratibu hadi mguu wa 6 usome sifuri.