Mtaka gari la mjini na nyikani sharti ainame

Hakuna jambo linalokichangamsha chumba cha walimu wakati wa chai ya saa nne kuliko mazungumzo ya magari. Siasa huwagawanya watu na matokeo ya mitihani huwatia simanzi, lakini gari, hasa lile la mtumba linalosifiwa kwa kupanda milima na kuvuka matope, huwakusanya wote katika ubishi mmoja. Huyu ataisifu Toyota Prado kana kwamba ni nduguye wa toka nitoke. Yule ataapa kuwa Subaru ndiyo mwisho wa maneno. Wa tatu atasema kwamba mitumba yote ni bahati nasibu, na litakalodumu alijuaye ni Mola peke yake.

Ningaliyaacha mazungumzo hayo yapite lau miongoni mwa wabishi hao hapangekuwapo mmoja asiye na mzaha. Huyo fomu za mkopo wa chama cha ushirika zimo mkobani mwake, wadhamini wamekwisha kutia sahihi, na makato yatauandama mshahara wake kwa miezi 48 au zaidi. Akichagua vizuri, atapata chombo cha kumhudumia yeye na jamaa zake kwa miaka kumi. Akichagua vibaya, gari litalala katika karakana ilhali makato hayalali, na karo za watoto zitakuwa za kwanza kuumia. Ni kwa ajili ya msomaji wa aina hiyo nimeshika kalamu leo.

Yamkini utauliza mwanaisimu ana nini na magari. Nina sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba lugha nizichunguzazo hazikai Nairobi. Anayetaka kuwasikiliza wazee wa Yaaku katika msitu wa Mukogodo, Wapokomo wa kandokando ya Tana, au jamii ya El Molo kule Loiyangalani, huhitaji gari ambalo Jumatatu litastahimili msongamano wa Barabara ya Thika na Ijumaa litavuka mto mkavu wenye mchanga. Sababu ya pili, na ndiyo kubwa, ni kuwa kwa maoni yangu hasara nyingi za wanunuzi huanzia katika maneno kabla ya kufika katika vyuma.

Litazame jina lenyewe. Watu husema "gari la magurudumu manne", nalo jina hilo halibainishi kitu. Kila gari dogo lina magurudumu manne. Lenye matatu ni tuktuk. Kinachotofautisha ni idadi ya magurudumu yanayopokea nguvu za injini. Magari mengi ya mjini husukumwa na magurudumu mawili tu, ya mbele au ya nyuma, na yale mengine mawili hufuata. Gari tunalolizungumzia ni lile ambalo yote manne yanaweza kusukuma. Mimi huliita gari la msukumo wa manne, na msomaji mwenye jina bora zaidi na anipe.

Hata hivyo, jina hilo nalo limebeba dhana zaidi ya moja, na hapo ndipo mtego ulipo. Herufi 4WD au AWD zilizobandikwa nyuma ya gari zaweza kumaanisha mambo matatu tofauti.

La kwanza ni gari ambalo kwa kawaida husukumwa na magurudumu ya nyuma, na dereva ndiye huamua kuunganisha ya mbele. Suzuki Jimny na Land Cruiser za mfululizo wa 70, zilizoanza kuundwa mwaka 1984, nyingi zake ni za namna hiyo. Dereva akiunganisha, ekseli ya mbele na ya nyuma hufungwa zizunguke kwa kasi moja. Sasa, gari linapokata kona, magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma. Mchangani au matopeni tairi huteleza kidogo na tofauti hiyo ikaisha. Juu ya lami kavu hakuna kinachoteleza, kwa hiyo mkazo wote huishia katika gia na vyuma vya chini. Ndiyo maana gari hili halifai kuunganishwa manne juu ya lami kavu. Mwuzaji anayejigamba kuwa alikuwa akilitumia hivyo kila siku mjini anakuonya bila kujua.

La pili ni gari linalosukuma kwa manne wakati wote, lakini lenye difu ya katikati inayoruhusu ekseli mbili kuzunguka kwa kasi tofauti. Difu hiyo hufungwa kwa swichi au kwa wenzo njia inapokuwa mbaya. Prado ya kizazi cha 120, iliyotengenezwa tangu 2002 hadi 2009, ni mfano mashuhuri. Hili laweza kwenda lami na nyika bila dereva kubadili kitu, ila huwa zito na lenye kiu.

La tatu ni gari la mjini lililofunzwa adabu za shamba. Nissan X-Trail na Honda CR-V husukuma kwa magurudumu ya mbele, kisha mtambo wa umeme hupeleka sehemu ya nguvu nyuma pale ya mbele yanapoteleza. Subaru Forester husukuma yote manne daima, lakini nimeiweka hapa kwa kuwa, kama wenzake hao, haina kitu kimoja muhimu: gia nzito.

Gia nzito ni seti ya pili ya gia ambayo hupunguza mwendo wa magurudumu, na kwa kufanya hivyo huzidisha nguvu ya mzunguko wao kwa takriban mara mbili au zaidi. Mwalimu wa fizikia atawaeleza wanafunzi wake kuwa ni kanuni ya wenzo: unachopoteza katika mwendo unakipata katika nguvu. Kwa gia hiyo gari hupanda jabali polepole bila injini kuzimika, na huteremka mlima mkali likishikwa na injini, breki zisishike moto. Asiyeteremka milima ya namna hiyo hana haja ya kuilipia. Anayeiteremka hana kitu cha kuiweka badala yake.

Fauka ya hayo, pana siri ya difu ya kawaida. Hupeleka nguvu kwa urahisi zaidi kwenye gurudumu lisilo na mkazo. Gurudumu moja la mbele na moja la nyuma yakining'inia hewani, hayo ndiyo yatakayozunguka bure, na gari la msukumo wa manne litasimama tuli kama mkokoteni. Dawa yake ni kufuli ya difu, au breki za kompyuta zinazolikamata gurudumu linalozunguka ovyo. Usiridhike na jibu la "ni foo-bai-foo". Uliza kama gari lina kufuli, na kama lina gia nzito.

Tukishayatenganisha maneno, swali linalofuata si gari lipi ni bora. Ni safari zipi unazosafiri, na ni siku ngapi kwa mwaka. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, lakini mkulima wa mpunga na mkulima wa mawe hawatumii jembe moja. Andika safari zako za mwaka uliopita katika karatasi. Wengi watashangaa. Barabara ya kutoka Isiolo kupitia Marsabit hadi Moyale, ambayo zamani ilikuwa ikivunja springi za malori, leo ni lami tupu. Kutoka Garsen hadi karibu na Lamu ni lami vilevile. Safari nyingi ambazo miaka ya tisini zilidai Land Rover, leo hufanywa na Probox iliyojaa magunia ya miraa.

Iwapo nyika yako ni kilomita tano za matope kufikia nyumbani kwa wazazi mwezi Aprili na Desemba, gari la aina ya tatu linatosha, mradi liwe na tairi nzuri na kimo cha kutosha kutoka ardhini. Forester za miaka ya karibuni zina milimita 220. Iwapo unavuka Chalbi, unafuata njia za mawe karibu na Ziwa Turkana, au kazi yako inakupeleka mahali ambapo gari la pili halitapita mpaka kesho, basi tafuta aina ya kwanza au ya pili, lenye fremu imara chini yake. Hapo hatuzungumzii fahari tena. Ni usalama wa roho.

Gharama nazo zipigiwe hesabu. Tuseme unaendesha kilomita 15,000 kwa mwaka. Gari linalokwenda kilomita 7 kwa lita litakunywa lita 2,143, na linalokwenda kilomita 12 litakunywa lita 1,250. Tofauti ni takriban lita 890 kila mwaka. Zidisha kwa bei ya kituo cha mafuta kilicho karibu nawe, kisha jiulize kama siku zako za nyikani zinastahili ada hiyo. Ikiwa hazizidi tano au sita, kukodi gari siku hizo kwaweza kuwa busara kuliko kulilisha jitu mwaka mzima.

Tairi hazitajwi sana, lakini ndizo zinazogusa ardhi. Ule udongo mweusi wa mfinyanzi wa nyanda za Athi na Mwea hujaza mifereji ya tairi za lami kwa mizunguko michache, na kutoka hapo magurudumu yote manne huteleza kwa usawa. Msukumo wa manne haumsaidii mwenye vipara vinne. Tena, katika magari ya aina ya tatu, na hasa Subaru, tairi zote nne sharti ziwe na kipimo kimoja na uchakavu unaokaribiana. Tairi moja mpya pamoja na tatu kuukuu huulazimisha mtambo wa katikati kufanya kazi bila kupumzika mpaka ufe. Ukiona gari la namna hiyo lina tairi za aina nne, rudi nyumbani.

Sheria nayo imeugawa uwanja. Kenya hairuhusu kuingiza mtumba uliozidi miaka 8 tangu usajiliwe mara ya kwanza, wala lenye usukani wa kushoto kwa matumizi ya kawaida. Kwa hiyo Prado 120 haitashushwa tena Kilindini. Itapatikana tu kwa mwenyeji aliyeitumia humu nchini. Anayeagiza kutoka Japani hupata gari changa, lakini ushuru wa forodha ulipanda mwaka 2023 kutoka asilimia 25 hadi 35, na kodi nyingine huongezeka juu yake. Huko Japani magari hukaguliwa kwa lazima yakifika miaka 3, kisha kila miaka 2, na gharama za ukaguzi huo uitwao shaken huwafanya wengi wauze mapema. Dai karatasi ya mnada. Alama ya 4 au 4.5 ni ya gari lililotunzwa. Herufi R huashiria lililopata ajali likakarabatiwa. Kagua kutu pia, kwa maana katika mikoa ya theluji barabara hunyunyiziwa chumvi, na chumvi hula vyuma vya chini huku bati la juu likimeremeta. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Hapo ndipo methali ya mtaka cha mvunguni inapopata maana yake halisi. Mnunuzi wa kawaida huzunguka gari, hupiga teke tairi, hufungua redio. Wewe inama. Nenda na fundi asiyejuana na mwuzaji, mkaliweke gari juu ya shimo la ukaguzi. Tazama fremu kama imechomelewa. Fungua vifuniko vya difu: mafuta yenye rangi ya maziwa yamechanganyika na maji, ishara kuwa gari lilivuka mto bila kuhudumiwa baadaye. Liwashwe likiwa baridi. Mahali penye changarawe, weka gia nzito, endesha mbele na nyuma, usikilize. Kipimo cha kilomita kinaweza kurudishwa nyuma, lakini mpira wa pedali ya breki na ngozi ya usukani havidanganyi kwa urahisi. Gari la dizeli la miaka ya karibuni likiwa na chujio la masizi, uliza limeishi wapi, kwani safari fupifupi za mjini huliziba chujio hilo. X-Trail yenye gia za mkanda, ipandishe mlima mrefu, uone kama itapoteza nguvu ikishapata joto. Kabla ya kutoa hata shilingi, hakikisha kupitia eCitizen kwamba jina lililo katika hati ya umiliki ni la anayekuuzia, na kwamba gari halijawekwa rehani benki.

Walimu wenzangu, nimeandika haya nikitarajia pia kwamba yatafika darasani. Difu, wenzo, msuguano na hesabu ya lita ni masomo yaliyomo katika silabasi, nasi twaweza kuyafundisha kwa Kiswahili kinachoeleweka karakanani. Kijana anayejua kutofautisha dhana tatu zilizojificha nyuma ya herufi moja atakuwa mgumu kudanganywa na dalali wa magari, na hata na madalali wa bidhaa nyingine. Tahadhari kabla ya hatari, na kuuliza si ujinga. Uliza kwanza, inama, kisha ndipo utie sahihi.