Mbegu za Kioo cha Jicho

Watoto, tazameni jicho la mbwa. Mbele yake kuna kioo kinachoitwa konea. Unene wake haufiki milimeta moja. Hakina mshipa wa damu hata mmoja, maana damu ingeziba mwanga. Hewa yake hukipata katika machozi.

Paka akimkwaruza mbwa jichoni, mbwa hufumba jicho na machozi humtiririka. Kama kidonda ni cha juu tu, wala hakikuingiwa na uchafu, kitapona kwa siku chache. Ngozi ile mpya imetoka wapi? Imetoka ukingoni, pale weupe wa jicho unapokutana na kioo. Pale zinakaa chembe ndogo sana, zisizoonekana pasipo darubini. Tuziite chembe mama. Ukikata mgomba, shina lililo chini hutoa machipukizi. Vivyo hivyo chembe mama huzaa chembe changa, nazo hutambaa polepole mpaka katikati ya kioo.

Lakini chokaa ikiingia jichoni, ukingo wenyewe huungua. Shina limekufa. Ndipo mishipa ya damu huingia juu ya kioo, nacho huwa cheupe kama maziwa. (Basi, likiwa jicho la mbwa au la mtu, lioshwe palepale kwa maji safi mengi, kwa muda mrefu, kisha mwende kwa mganga.)

Kidonda cha mbwa kikiwa kimeingia ndani sana, lakini ukingo ungali mzima, mganga wa nyama humlaza kwa dawa ya usingizi. Hukata kipande cha kioo kizima pamoja na ukingo wake, hukisogeza juu ya shimo, hukishona kwa uzi mwembamba kuliko unywele.

Ukingo ukifa wote, kazi ni ngumu zaidi. Mwaka 1997 waganga wa Italia walieleza habari za watu wawili walioungua jicho moja. Walitoa kipande cha milimeta moja katika ukingo wa jicho zima, wakazilisha chembe zake chomboni mpaka zikawa utando, wakaupandikiza katika jicho bovu. Mwaka 2010 walitoa hesabu ya wagonjwa 112: katika kila macho 100, karibu 77 yalipata tena kioo safi.

Kwa mbwa, waganga wamejaribu pia chembe mama za mafuta ya mwili; kazi yao hasa ni kutuliza uvimbe, kidonda kipate kufunga. Kisha mbwa huvikwa shingoni kitu kama faneli kubwa. Hukichukia sana! Lakini pasipo hicho, ukucha wake mmoja ungeharibu kazi yote.