Karani wa Posta na Kitty wa Granard

Nilipanga barua posta miaka 22 kabla ya kustaafu, na mazoea hayajaniacha. Nikishika kitabu cha barua, kwanza natazama tarehe, kisha mahali ilikotoka. Ndivyo nilivyoanza kumsoma Michael Collins, mwanamapinduzi wa Ireland, bila kujua kuwa naye alikuwa mwenzetu. Mwaka 1906, akiwa na miaka 15, aliaga kwao Cork akaenda London kuwa karani wa Benki ya Akiba ya Posta. Miaka 10 baadaye, katika uasi dhidi ya utawala wa Uingereza, alikuwa ndani ya Posta Kuu ya Dublin, bunduki mkononi, Waingereza wakiipiga kwa mizinga.

Barua alizoandikiana na mchumba wake, Kitty Kiernan, ni kama 300. Kitty alikaa Granard, mji mdogo katika kaunti ya Longford, ambako familia yao ilikuwa na hoteli, Greville Arms. Mapenzi yasikupumbaze, msomaji: hoteli ile ilikuwa pia kijiwe cha siasa. Mei 1917 ulifanyika uchaguzi mdogo Longford, na Collins akafikia hapo wakati wa kampeni. Yeye na wenzake walimsimamisha Joe McGuinness, mfungwa wa gereza la Lewes huko Uingereza. Mwenyewe hakutaka, wakamsimamisha hivyo hivyo. Wapiga kura waliambiwa wamwingize bungeni ili atoke jela. Ikatangazwa kwamba mpinzani ameshinda, kisha likaonekana bunda la kura lisilohesabiwa. McGuinness akapita kwa kura zisizofika 40.

Wanaodhani mapinduzi hufanywa na bunduki peke yake waitazame Longford. Palihitajika watu wa kugonga milango, na hoteli ya kulala wapiga debe.

Gharama yake ilikuja. Oktoba 1920 ofisa wa polisi aliuawa kwa risasi ndani ya baa ya Greville Arms. Siku chache baadaye majeshi ya Uingereza yakauchoma mji, na hoteli nayo ikateketea.

Barua zenyewe zinashamiri mwishoni mwa 1921, Collins akiwa London kujadili mkataba na Waingereza. Karibu kila siku anamwandikia Kitty: amemwombea kanisani, amechoka, atamwandikia zaidi kesho. Nyingi ni fupi, za mtu anayeitwa mlangoni. Mimi nazipenda hizo kuliko hotuba zake zote, kwa sababu hotuba huandaliwa, lakini mwandiko wa haraka hauna muda wa kujipamba.

Mkataba ulitiwa saini Desemba 6, 1921, ukawagawa wanajamhuri wa Ireland, hata marafiki. Harry Boland, aliyewahi kumposa Kitty huyo huyo, akawa upande wa pili. Alipigwa risasi akafa mwanzoni mwa Agosti 1922. Agosti 22 Collins naye akauawa katika shambulio la kuvizia huko Béal na Bláth, Cork. Alikuwa na miaka 31.

Kitty na dada yake Maud walikuwa wamepanga kuolewa siku moja. Oktoba ile Maud akaolewa peke yake, Kitty akahudhuria amevaa nguo nyeusi. Mwaka 1925 aliolewa na Felix Cronin, ofisa wa jeshi, na mmoja wa wanawe akamwita Michael Collins. Alifariki 1945, akazikwa Glasnevin, Dublin, katika makaburi yale yale alikolala Collins.