Habari za Mama Mmoja wa Butiama, na Jinsi ya Kuzitafuta

Tukitaka kujua habari za mtemi wa zamani, kazi si kubwa mno. Wadachi waliandika jina lake walipomweka madarakani, Waingereza wakaliandika tena walipohesabu kodi, wajukuu zake wanalijua, na kaburi lake laonekana. Lakini tukiuliza habari za mkewe, hapo njia huwa nyembamba. Makarani wa siku zile waliandika nyumba, waliandika ng'ombe, waliandika wanaume walipao. Mwanamke alihesabiwa ndani ya nyumba pamoja na vyungu na jiwe la kusagia. Hata hivyo habari zake hazikupotea zote. Katika maelezo haya twapenda kumwonyesha msomaji jinsi ya kuzifuata, na mfano wetu ni mama ambaye mwanawe ajulikana na watu wote: Mgaya wa Nyang'ombe wa Butiama, katika nchi ya Wazanaki, mama yake Mwalimu Julius Kambarage Nyerere.

Kwanza tuyataje yale yaliyokwisha kuandikwa vitabuni kutokana na kumbukumbu za ukoo. Yasemwa kwamba Mgaya alizaliwa mwaka 1892. Kwamba mwaka 1907, akiwa msichana wa miaka 15, aliolewa na Nyerere Burito, ambaye Wadachi walimfanya mtemi mwaka 1915. Kwamba alikuwa mke wa tano katika wake 22. Na kwamba alizaa watoto 8, wanaume 4 na wanawake 4, ambao wawili kati yao walikufa wangali wachanga. Kambarage, aliyezaliwa tarehe 13 Aprili 1922, ahesabiwa kuwa mtoto wake wa pili. Mtemi Burito alifariki mwezi wa Machi 1942. Mgaya aliishi miaka mingi baada yake, akafariki mwaka 1997.

Mtu akiyasoma hayo aweza kusema, Yatosha. Sisi twaona hayatoshi, maana yatupasa kuuliza kila mwaka umepatikanaje. Mwaka 1892 hapakuwa na karani pale Mwitongo, wala kalamu. Mzee wa siku zile hakusema, Mtoto huyu amezaliwa mwaka fulani. Alisema, Amezaliwa wakati wa jambo fulani. Miaka ile ya mwanzo wa 1890 na kitu ilikuwa miaka ya sotoka, maradhi ya ng'ombe yaliyoenea Afrika ya Mashariki yote na kuleta njaa kubwa. Mwaka huo huo wa 1892 msafiri mmoja jina lake Oscar Baumann alipita Ngorongoro, akakata mbuga mpaka ziwani, akaandika jinsi alivyowaona Wamasai waliodhoofika kwa njaa. Basi mtu akisema bibi yake alizaliwa wakati ng'ombe walipokwisha, amekwisha kukupa tarehe iliyo karibu na kweli. Kazi yako ni kuilinganisha na maandishi.

Na majina nayo ni kalenda. Jina la Nyerere maana yake katika Kizanaki ni viwavi, naye Burito alipewa jina hilo kwa sababu viwavi viliijaa nchi alipozaliwa, yapata mwaka 1860. Mwanawe aliitwa kwanza Mugendi, ndiyo kusema mwenda kwa miguu, kisha akabadilishwa jina kwa shauri la mganga, akaitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua. Kwa hiyo nyumba isiyo na kitabu hata kimoja yaweza kuwa na daftari zima katika majina ya watoto wake. Ukiandika majina, usiandike jina peke yake. Uliza nani alilitoa, na kwa ajili gani.

Sasa tuipime hesabu yenyewe. Toka 1892 hata 1922 ni miaka 30. Toka kuolewa, mwaka 1907, hata kuzaliwa kwa mtoto wa pili ni miaka 15. Hiyo ni miaka mingi kwa mke kijana katika nyumba ya mtu mkubwa, na tena yafuata kwamba watoto wengine sita wote walizaliwa mama akiwa amepita umri wa miaka 30. Si jambo lisilowezekana. Labda alichelewa kupata mtoto. Labda walikuwapo watoto wengine waliokufa kabla ya kupewa majina, na ukoo haukuwahesabu. Au labda mama alikuwa mdogo kuliko mwaka aliohesabiwa, na ndoa yenyewe ilikuwa baadaye. Wala tusidhani kwamba anayeuliza hivi anawadharau wazee. Mwaka wa kukisia ukichapwa mara kumi huonekana kama mwaka wa hati, na anayekuja nyuma huujenga juu yake mambo mengine. Sisi tungeandika hivi: alizaliwa yapata 1892, kwa hesabu ya ukoo. Maneno hayo machache, "kwa hesabu ya ukoo", yana faida kuliko ukurasa mzima wa sifa.

Tena liko jambo la jina. Vijana wa shule wakitafuta habari za bibi zao hutafuta kwa jina la babu, wakakosa. Mama huyu hujulikana kwa jina la kwao, Mgaya wa Nyang'ombe, ijapokuwa alikaa katika boma la Burito maisha yake yote ya utu uzima. Basi atafutaye na aanze kwa baba yake, wala si kwa mume. Kisha ajihadhari na mikono ya makarani. Mmoja huandika Mgaya, mwingine Mugaya. Mmoja huandika Nyang'ombe, mwingine huiacha alama ile ya juu, likawa Nyangombe. Na baadaye laonekana jina la Christina. Jina hilo moja ni habari kubwa, maana latuambia kwamba mama aliyezaliwa katika dini ya mizimu ya Kizanaki alibatizwa. Na palipo na ubatizo pana kitabu.

Vitabu vya kanisa ndivyo vilivyo bora kuliko vyote kwa habari za wanawake wa Mara. Mapadre Weupe walifika Nyegina, karibu na Musoma, mwaka 1911, na Wamenoniti walianza kazi yao Shirati mwaka 1934. Katika daftari la ubatizo huandikwa jina la mtu, baba yake, mama yake, msimamizi wake na siku yenyewe, na mara nyingi ndoa yake huongezwa pembeni. Hapo mama hatajwi kama nyumba ya kodi, bali hutajwa kwa jina. Mlinganishe Mgaya na mkwewe. Maria Waningu, binti wa Gabriel Magige, alizaliwa Baraki, upande wa Tarime, na siku yake yajulikana: 31 Desemba 1930. Alisoma kwa masista Nyegina, akaendelea Ukerewe na Sumve, akawa mwalimu, akaolewa na Julius mwezi wa Januari 1953. Habari zake zaweza kufuatwa shule kwa shule. Kati ya mama mkwe na mke wa mwana ni kizazi kimoja tu, lakini mmoja hupimwa kwa matukio, na wa pili hupimwa kwa tarehe.

Hati za serikali hazina ukarimu huo. Sheria ya mwaka 1920 ya kuandikisha vizazi na vifo haikuwalazimisha Waafrika wa vijijini kuandikisha watoto wao. Kodi ya nyumba nayo ilihesabu nyumba, hata mwenye wake wengi akalipa kwa nyumba nyingi. Katika hesabu hiyo mama kama Mgaya ni nambari moja chini ya jina la mumewe. Kitabu cha Wilaya ya Musoma, kilichoandikwa na maofisa wa Kiingereza, chataja watemi na koo zao. Mwaka 1945 Hans Cory, mtaalamu wa mila aliyekuwa katika kazi ya serikali, aliandika taarifa juu ya utawala wa asili wa watu wa Musoma, nayo pia ni habari za wanaume zaidi. Atafutaye akumbuke kwamba Wilaya ya Butiama ilitengwa mwaka 2012. Hati za kale za Butiama zimo chini ya jina la Musoma.

Magazeti je? Mambo Leo, gazeti la serikali lililoanza Januari 1923, lilipokea barua na habari kutoka miji mingi, pamoja na tanzia. Mwanamke huonekana humo kwa mlango wa pembeni: mke wa karani fulani amefariki, mama wa mwalimu fulani amefiwa. Kwa hiyo msomaji asitafute jina la bibi yake tu, bali atafute pia majina ya wanaume wote waliomzunguka, yaani mume, kaka, wana na wakwe, kisha asome mstari unaofuata. Ndivyo ilivyo hata kwa magazeti yaliyokuja baadaye, kama Uhuru lililoanza mwaka 1961. Ndani yake Mgaya ni "mama mzazi wa Mwalimu". Maneno ni ya heshima, lakini hayatuambii alipanda nini, wala alimlilia nani.

Na hapa twafika penye utajiri wenyewe. Husimuliwa sana jinsi Kambarage alivyopelekwa shule: kwamba Mtemi Makongoro wa Ikizu, nchi ambayo leo imo katika Wilaya ya Bunda, alikuwa akija kucheza bao na Burito, akaiona akili ya kijana, akashauri apelekwe kusoma, na mwaka 1934 kijana akaingia shule ya Mwisenge, Musoma. Ni hadithi ya wanaume wawili na ubao wa bao. Lakini hesabu miaka. Alizaliwa 1922, akaenda shule 1934. Miaka 12 yote alikuwa wapi? Alikuwa katika nyumba ya mama yake, akilima naye ulezi, mahindi na mihogo, na kuchunga mbuzi na ng'ombe pamoja na wenziwe. Kila mwandishi aliyeandika utoto wa Mwalimu ameandika, bila kukusudia, miaka 12 ya maisha ya Mgaya. Ukisoma kwamba kijana alitoka shambani, uliza shamba la nani. Ukisoma kwamba alikula, uliza nani alisaga. Tukisoma namna hiyo, kitabu cha mwana huwa kitabu cha mama pia.

Yafaa tuonye jambo moja kwa watafutao habari za koo huku Mara. Kwa Wakurya na jirani zao iko desturi ya mama asiyezaa mtoto wa kiume kuoa msichana kwa mahari yake mwenyewe, na watoto wa msichana yule wakawa wa nyumba ya mama huyo. Huitwa nyumba ntobhu. Mgeni asiyejua akiandika neno "mume" katika daftari lake ataharibu ukoo mzima. Uliza mahari ilitoka zizi la nani.

Wazee wanawake, kwa jinsi tunavyoona, hawasimulii kama wazee wanaume. Mwanamume atakutajia baba, babu, na baba wa babu, kama ngazi. Mwanamke atakuambia dada yake aliolewa wapi, shangazi yake alikwenda wapi, nani alimpokea wakati wa njaa. Wengi huyaona hayo kuwa maneno ya jikoni, wakaweka kalamu chini. Wasifanye hivyo: mtandao huo wa ndoa kutoka Butiama hata Ikizu na Musoma ndio uwezao kukuonyesha daftari la ubatizo liko parokia gani, na kwa jina gani. Andika maneno kama yalivyosemwa, na chini yake jina la msemaji, kijiji chake na tarehe ya siku hiyo.

Kaburi la Mgaya liko Mwitongo, pamoja na la Burito, karibu na pale alipozikwa mwana wao mwezi wa Oktoba 1999, miaka miwili tu baada ya mama yake. Makumbusho ya Mwalimu iliyoko Butiama ilifunguliwa mwaka huo huo. Mwenye kutaka magazeti ya zamani atayapata Dar es Salaam, katika Nyaraka za Taifa na katika maktaba ya Chuo Kikuu. Aende na jina la gazeti, mwezi na mwaka, na orodha ya majina ya wanaume wa ukoo, kila jina kwa namna zote lilivyoweza kuandikwa.